Mtoto Asife Hadithini ili Mama Aadhibiwe

Maji yakianza kujaa, wanawake wa Chwaka, huku Unguja, hurudi kutoka mwanini, na kivulini huwasubiri kazi ya pili: kufunga mbegu kwenye kamba, tayari kwa bamvua lijalo. Kazi hiyo hushika mikono na kuyaacha masikio huru, na siku hizi masikio hayo hulishwa na simu. Simu moja huwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, na mchezo wa kuigiza ukasikilizwa na kivuli kizima. Kila nikikaa nao naliona jambo lile lile. Mtoto wa mchezoni akikohoa tu, macho hushuka kwenye kamba. Hakuna anayeuliza kitakachofuata. Wote wanajua kwamba mtoto yule atakufa, na wanajua na sababu yake: mama yake kamjibu mumewe vibaya, au kaenda mjini kwenye biashara akamwacha kwa jirani, au ana siri ya ujana ambayo hajaitoa. Mtoto atakufa, mama atapiga magoti, baba atasamehe au hatasamehe, na muziki utapigwa.

Suala la watoto kufa katika hadithi ni la zamani, na wengi hulijadili kwa kuuliza kama mwandishi ana haki ya kuwaua. Jibu langu ni kwamba anayo. Watoto hufa duniani, na hadithi isiyothubutu kulisema hilo inawadhulumu waliozika. Lakini upo msiba mmoja ambao ningependa waandishi wetu wa riwaya, wa michezo ya redio na wa filamu wauache moja kwa moja, nao ni ule ambao mtoto huuawa ili mama yake aadhibiwe. Huo ni uonevu, na hauishii ndani ya hadithi.

Maana katika kivuli kile hakosekani aliyezika. Muulize mwanamke wa makamo wa huku kwetu ana watoto wangapi, atakujibu, "Nimezaa saba, nnao watano," na hataongeza neno. Wale wawili hawakufutwa katika hesabu. Sasa mwanamke huyo, ambaye pengine alikuwa mwanini siku mwanawe alipopandwa na homa, anakaa akasikiliza mchezo unaosema kwamba mtoto wa watu alikufa kwa sababu mama yake hakuwa nyumbani. Nani atamlipa kwa jioni hiyo? Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, walisema wazee. Sembuse yule ambaye mwewe amekwisha kumpitia?

Hadithi hizi zina kazi zinayoifanya majumbani. Nimemsikia mwanamme, mtu mzima mwenye heshima zake, akimkataza mkewe kujiunga na kikundi cha ushirika, na hoja yake ilikuwa mchezo wa kuigiza wa wiki iliyopita. Alimwambia, "Umeona yule mwenzio kilichompata." Mwenzio gani? Mtu ambaye hajapata kuzaliwa, aliyefiwa na mtoto ambaye hajapata kuzaliwa, kwa kalamu ya mtu aliyekuwa na haraka ya kumaliza sehemu ya nne. Lakini mke alinyamaza, na kikundi hakujiunga nacho. Pale kwenye misiba ya kweli nako, baada ya maiti kutoka na kabla ya chai kumiminwa, mnong'ono hupita kwenye mikeka kwamba mwenye msiba "alikuwa hatulii". Mnong'ono huo una mizizi mingi, na mmojawapo ni hadithi tunazozisikiliza.

Tena tazama upande wa pili. Baba wa mchezoni hulewa, huweka nyumba ya pili kwa siri, hula ada ya skuli, na mara chache sana mtoto wake hufa kwa ajili ya hayo. Adhabu ya baba huwa kufilisika au kufungwa. Adhabu ya mama ndiyo hukatwa kwenye mwili wa mtoto.

Sultani na paka wake

Tusidanganyane kwamba haya tumeyarithi. Ngano zetu za kale hazikuogopa kuua watoto, lakini zilijua wa kumlaumu. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864 akakaa na watu wa hapa na kuandika ngano walizomhadithia, na mwaka 1870 zikachapishwa London. Mojawapo ni ya Sultani Majnuni. Sultani ana paka. Paka anakula mifugo ya watu, watu wanakwenda kushitaki, na sultani anawajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake, basi waondoke. Paka anazidi kukua na kupanda daraja, hata wana wa watu wanaliwa, na jibu la barazani halibadiliki. Mpaka siku paka anapowaua wana watatu wa sultani mwenyewe, mbele ya macho yake. Hapo ndipo anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni Nunda, mla watu.

Watoto wanakufa katika ngano hiyo, tena vibaya. Lakini hakuna mama anayeambiwa kwamba mwanawe kaliwa kwa sababu alichelewa kisimani. Lawama inaangukia kwenye kiti cha enzi, kwa mtu aliyeletewa mashitaka akayapuuza mpaka hasara ilipoingia nyumbani kwake. Msimuliaji wa karne ya 19, aliyeishi chini ya masultani wa kweli katika kisiwa hiki, alikuwa na sababu nyingi za kuogopa kusema hivyo, na alisema. Na mama yumo katika kisa kile: ndiye anayemsihi mwanawe mdogo asiende kumwinda Nunda, na ndiye ambaye kila mnyama anayeletwa nyumbani humtazama na kumwambia mwanawe kwamba siye. Mama ndiye mwenye macho.

Linganisha na tunavyoweza kuandika leo juu ya misiba yetu wenyewe. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa familia zilizokuwa zikirudi makwao. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe. Watoto waliokufa katika meli zile wana jamaa katika kila kijiji cha visiwa hivi. Mwandishi akitaka kuandika juu ya mtoto aliyezama Nungwi, anayo ya kuyataja: chombo kilichopakia kupita uwezo wake, na watu wazima waliokiona kimelemewa wakakiacha kiondoke. Akimzamisha mtoto yule kwa sababu mama yake aliondoka Unguja bila ya ruhusa ya mume, ameizamisha na kesi.

Au chukua Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024, ambako watoto wanane na mwanamke mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya kasa haionekani kwa macho, wala haitoki kwa kuchemshwa. Nyama ile huhesabiwa kuwa kitoweo cha hadhi, na mama aliyempakulia mwanawe alimpakulia kilicho bora. Nikifikiria mwandishi wa kupenda mafunzo ya haraka akikaa na habari ile, naogopa. Humo mna jambo la kuandikwa juu ya elimu isiyofika visiwani, juu ya ada ya kugawana kitoweo, na juu ya mkono wa mama unaojua sasa ulichokibeba. Hamna humo dhambi ya kutafutiwa adhabu.

Mwandishi si Khidhri

Kila Ijumaa majumbani na misikitini husomwa Suratul Kahf, na ndani yake mna kisa cha mtoto kuuawa. Nabii Musa anafuatana na mja aliyepewa ilimu ya ghaibu, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Khidhri. Wanakutana na kijana, na yule mja anamuua. Musa alikuwa ameahidi kusubiri na kutouliza, lakini hawezi. Anakemea pale pale, kwamba nafsi isiyo na hatia imeuawa. Mara zote nikifika hapo huona jinsi pingamizi la Musa lilivyohifadhiwa. Moyo wa binadamu unaogutuka mbele ya mtoto aliyeuawa umepewa nafasi yake katika kisa, na sisi tunausoma kila wiki. Maelezo yanakuja baadaye, na yule mja anasema wazi kwamba hakuyafanya kwa amri yake mwenyewe.

Mwandishi wa riwaya hana amri ile wala ilimu ile. Anapomuua mtoto na kutuambia kwamba ilistahili, kwa kuwa mama alikuwa hivi na vile, anavaa joho lisilokuwa lake.

Na lipo jingine, nalo ni la karibu zaidi na msiba wa kawaida. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Mariya, angali mtoto mchanga. Alilia mbele za watu, na waliomshangaa aliwaeleza kwamba machozi yale ni rehema. Siku hiyo jua likapatwa, na watu wakaanza kusema kwamba limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Yeye akawakanya: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Baba mwenye msiba, siku ile ile ya msiba, alikataa kifo cha mwanawe kigeuzwe ishara ya jambo jingine. Mwandishi anayekata maisha ya mtoto ili apate fumbo la kufungia sura yake angekitafakari kisa hiki kwa muda mrefu.

Msiba wa leo una upweke wake

Bibi zetu walizika zaidi yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba nchini Tanzania, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Hapa Zanzibar, vyandarua, dawa mseto na upigaji dawa majumbani vimeishusha malaria mpaka chini ya asilimia moja ya watu, ugonjwa ambao zamani ulikuwa ukichukua watoto katika kila mtaa. Haya ni mafanikio makubwa na walioyafanyia kazi wanastahili shukrani.

Lakini yamebadilisha hali ya mwenye kufiwa. Zamani mama aliyezika mtoto alikaa kwenye mkeka akazungukwa na wanawake ambao karibu wote walikwisha kupitiwa na jambo lile. Hawakuwa na haja ya kuuliza. Leo anazungukwa na vijana wenzake ambao watoto wao wote wako hai, na swali la kwanza linalomfikia ni, "Ulimpeleka hospitali lini?" Swali hilo likitoka kwa daktari lina maana. Likitoka kwa jirani ni kisu. Na hadithi ya redioni inayolijibu kwa kumhukumu mama inakinoa kisu hicho kila jioni. Kadiri vifo vinavyopungua, ndivyo mama aliyebaki katika hao 43 anavyoonekana kuwa yeye peke yake ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo wajibu wa mwandishi wa leo ni mzito kuliko wa msimuliaji wa zamani, ingawa misiba ni michache.

Basi asife kabisa?

Wapo wasomaji wanaotaka mtoto asife kamwe katika hadithi. Nawaelewa, hasa mtu aliyefungua kitabu usiku apumzike akajikuta kaburini. Lakini tukiwaondoa watoto waliokufa katika fasihi yetu, wale wawili wa "nimezaa saba" watakosa pa kukaa. Upande wa pili wapo waandishi wanaosema kwamba hadithi ni hadithi, na asiwekewe mtu mipaka. Nao siwataki wanyamazishwe. Hakuna haja ya kanuni wala bodi. Nawataka wafanye jaribio moja kabla ya kumuua mtoto: wamwondolee mama kosa lake, wamfanye mtu mwema kama walivyo akina mama wengi, kisha waangalie kama mtoto bado anakufa. Akifa bado, basi kuna kitu duniani kinachomuua, na kitu hicho kinastahili kuandikwa. Akipona, basi muuaji alikuwa mwandishi.

Vitabu vikubwa vinalipita jaribio hilo. Katika Makbeth, tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri S. S. Mushi kwa Kiswahili mwaka 1968, mtoto wa Macduff anauawa jukwaani baada ya kuzungumza na mama yake kwa akili na mzaha, mpaka tumeshampenda. Anayemuua ni uroho wa madaraka wa mfalme. Baba anapopata habari na kuambiwa ajikaze kiume, anakubali, lakini anadai kwanza auhisi msiba kama binadamu. Shakespeare mwenyewe alimzika mwanawe Hamnet, mwenye miaka 11, mwaka 1596.

Waliosoma skuli miaka ya 70 na 80 wanamkumbuka Ikemefuna wa Chinua Achebe katika Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973. Kijana yule anakaa miaka mitatu nyumbani kwa Okonkwo, anafundishana kazi na watoto wa nyumba, anamwita baba. Akauawa porini, na pigo la mwisho likatoka kwa huyo huyo aliyemwita baba, kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu. Achebe hakimbii baada ya hapo. Anakaa na Okonkwo siku mbili asizokula, anakaa na Nwoye ambaye kitu ndani yake kimekatika, na kukatika huko ndiko kunakokuja kuivunja nyumba. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na mwandishi ni wa mbali. Akiwa hana subira ya kukaa na wafiwa kwa kurasa kadhaa, asilete maiti.

Hata vitabu vya watoto vinaweza kubeba jambo hili. Mwandishi wa Marekani Katherine Paterson aliandika Bridge to Terabithia mwaka 1977 baada ya rafiki wa mwanawe, msichana mdogo, kuuawa na radi. Aliandika kwa sababu nyumbani kwake mlikuwa na mtoto aliyefiwa na rafiki na hajui la kufanya. Hilo ni lengo ambalo mzazi yeyote wa hapa angelielewa, maana watoto wetu hufuata majeneza ya wenzao wa chuoni na kurudi nyumbani bila ya mtu kuwaambia neno.

Pia si kila hasara ya utoto inahitaji kaburi. Abdulrazak Gurnah wa hapa kwetu, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, katika riwaya ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa jina la Peponi, anamchukua mtoto Yusuf kutoka kwa wazazi wake kwa ajili ya deni la baba. Yusuf hafi. Anaondoka kwa gari moshi na mtu ambaye amezoea kumwita ami, na msomaji anahisi kwamba mlango umefungwa nyuma yake. Tazama pia deni ni la nani.

Zita na Takadini

Nimeacha makusudi mwisho vitabu viwili ambavyo vijana wetu wengi wamevisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Katika Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kilichotoka mwaka 2002, Zita na kaka yake Peter wanarudishwa kutoka skuli kwa kukosa ada na sare. Baba ni mlevi. Mama anauza chakula ili nyumba isimame. Zita anakufa. Mbogo hamsimamishi mama kizimbani, ingawa ingekuwa rahisi: mwanamke wa barabarani, mchana kutwa hayuko nyumbani, mwanawe kaharibikiwa. Mchezo wa redio ungemaliza kazi hapo. Yeye anamwacha Mama N'tilie awe mama aliyefanya kila alichoweza, na umaskini ndio unaosimama mbele yetu.

Takadini cha Ben Hanson kinakwenda njia nyingine. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto yule auawe, na mama anatoroka naye usiku. Katika nchi ambayo watoto wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo, kitabu kile kilichagua mtoto aishi, na aliyemwokoa akawa mama ambaye kijiji kizima kilikuwa tayari kumlaumu. Kifo cha Zita na uhai wa Takadini vinatoka kwenye heshima moja.

Shida ni namna tunavyovifundisha. Maswali yanayozunguka madarasani ni ya kueleza athari za umaskini kwa hoja na mifano, na Zita anakuwa mfano kwenye orodha, baina ya ulevi na dawa za kulevya. Mwanafunzi anajifunza kwamba mtoto hufa hadithini ili hoja ipate ushahidi, na miaka michache baadaye ndiye anayeandika mchezo unaosikilizwa kivulini Chwaka. Mwalimu wa Kiswahili angeweza kuongeza swali moja tu ubaoni: Baada ya Zita kuzikwa, nani alikwenda kwa Mama N'tilie, alimwambia nini, na mama mwenyewe alirudi vipi kwenye jiko lake? Aandike kila mwanafunzi ukurasa mmoja, asome na ule wa mwenzake, na katika ukurasa huo Mama N'tilie asiwe na kosa la kujitetea.